Sikio Moja Tu

Kitendawili hiki nilikitunga mwenyewe: mpangaji wangu anapiga hodi akiwa ndani. Nilimtegea mjukuu wangu asubuhi ile tukielekea hospitali, mimi nimebeba shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni mwa anayepigwa picha, yeye kamera ya tajiri wake. Uso ulikuwa umemkunjika kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kwenye beseni.

"Bibi, leo niache na vitendawili. Leo nikikosea nimekwisha."

Na kweli. Tajiri wake tunamwita Bwana Kidevu, maana neno lake la kwanza kwa kila mteja ni hilo: "Kidevu juu!" Studioni kwake amebandika msalaba wa tepu sakafuni. Kiti kinakaa hapo, hakisogei. Masikio yote mawili yaonekane, macho wazi, mdomo ufungwe. Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne kwake, akipiga picha za pasipoti na kuzikata kwa mkasi, mpaka zikamwingia kwenye damu. Siku moja alimpiga picha kuku wangu. Haki ya Mungu, hata kuku alitoka kama anaomba kibali cha kusafiri.

Sasa mkunga mkuu alikuwa anastaafu, na wenzake walitaka picha yake kubwa ya kutundika wodi ya wazazi. Bwana Kidevu mgongo ukamkamata. Akalala kwenye benchi la wateja, akasema:

"Nenda wewe. Saa tisa niione, maana wa kuchapa picha kubwa anafunga saa kumi, na sherehe ni kesho asubuhi. Ikitoka vizuri, ile kamera ya pili ni yako. Ukiniaibisha nampa mpwa wangu, na wewe unarudi kwenye mkasi. Na kwenye mkasi hutoki tena."

Basi tulipofika ofisini kwa mkunga, unadhani mjukuu wangu alifanya nini kwanza? Alitoa tepu mfukoni, akabandika msalaba sakafuni.

Mkunga akaingia, akamtazama juu mpaka chini. "Huyu ndiye mpiga picha? Huyu nilimpokea mimi akizaliwa, alitanguliza miguu. Leo ananionyesha pa kukaa!"

"Shikamoo mama. Kidevu juu kidogo."

Mwaka uliopita mshipa wa uso ulimlegea mkunga, mdomo ukavutika upande mmoja. Kila kamera ilipoinuka, mkono wake nao uliinuka kuufunika. "Mkono chini, mama. Tazama hapa, mama." Picha kumi na tatu. Alipoonyeshwa, aliisukuma kamera.

"Mnataka kunitundika ukutani niwatishe wanawake wenye uchungu? Futa. Zote, mbele yangu."

Zikafutwa. Akatoka. Saa ilikuwa sita na nusu.

Mjukuu wangu alichuchumaa, akawa anabandua ile tepu kwa kucha. "Sina picha, Bibi. Nimefanya kila kitu alichonifundisha, na sina picha."

Mimi darasa langu liliishia la saba, kamera siijui. Lakini vitendawili navijua.

"Sikiliza, mama. Kitendawili hakitaji kitu. Nikikutajia yai, mchezo umekwisha. Wewe miaka minne unataja tu: pua hii, masikio haya. Huyu mkunga ni nini? Usinitajie. Nitegee."

Akabandua mpaka tepu yote ikaisha sakafuni. Kisha akasema polepole, "Siwezi kumtega. Sijawahi hata kumwona akifanya kazi."

Tukamfuata wodini.

"Mama, niruhusu nisimame pembeni tu. Sitakwambia kitu."

"Ukitamka kidevu nakutoa."

Akawaomba ruhusa na wajawazito, mmoja mmoja. "Piga tu," mmoja akasema, "ila uso wangu uuache, nimevimba kama puto." Wakacheka.

Saa saba ikapita, kamera haijainuka. Mimi nimesimama dirishani na shuka langu, mikono inawaka moto, namtupia jicho. Anaangalia tu. Saa nane. Nikajisemea, mtoto huyu anarudi kwenye mkasi huku namwona.

Ndipo akaja msichana mmoja, mimba ya kwanza, mikono tumboni. "Mtoto hachezi tangu jana jioni."

Mkunga alimlaza, akatoa mfukoni kile kipembe cha mti wanachosikilizia moyo wa mtoto, akakisimamisha juu ya tumbo. Akaweka sikio, lile la upande uliolegea. Akafumba macho, akainua kidole. Wodi nzima ikanyamaza.

Hakusikia kitu. Akakisogeza kipembe. Kimya. Akakisogeza tena. Msichana alikuwa ameuma ncha ya shuka la kitanda.

Mwanga wa shuka langu ulimwangukia mkunga usoni, na uso ule ulikuwa mzuri, nisikudanganye. Mjukuu wangu alikuwa na kamera jichoni, kidole kwenye kitufe. Piga, nikasema moyoni. Piga basi!

Akaishusha.

Nilitamani kumfinya. Baadaye aliniambia, "Bibi, yule dada alikuwa hajui kama mwanawe yupo. Ningempigaje hapo?"

Mkunga akakisogeza mara ya nne. Akatulia. Kisha kidole chake kimoja, kwenye ukingo wa kitanda, kikaanza kugonga. Kwa haraka, kama mtu anayebisha hodi mvua inamnyeshea.

Kamera ikainuka. Ikalia mara moja tu.

"Yupo," mkunga akasema. "Mvivu huyu, amejificha nyuma. Twende daktari amwone vizuri." Msichana akalia kwa sauti.

Mkunga alipoonyeshwa picha, aliishika kamera kwa mikono miwili. "Mdomo wangu umeenda wapi?"

"Umelala upande wa kipembe, mama."

"Hii usifute."

Saa tisa kasoro dakika mbili tulikuwa studioni. Bwana Kidevu aliichapa ndogo kwenye mashine yake, akaipeleka kwenye taa, akaanza kuhesabu makosa.

"Sikio moja tu. Macho yamefumbwa. Kidevu..." Akatafuta. "Kidevu hakipo kabisa!"

"Hakipo, mzee."

"Nani alikufundisha kupiga hivi?"

"Hakuna."

Akaitazama tena. Kidole chake kikaanza kugonga meza kwa haraka. Nadhani mwenyewe hakujua. Akachukua muhuri wa studio, ule anaougonga nyuma ya kila picha, akauinua. Akaurudisha mezani.

"Muhuri wangu haukai hapa. Hii sikuipiga mimi, wala sikukufundisha."

Mjukuu wangu midomo ikamcheza. Bwana Kidevu akamsukumia kalamu.

"Andika jina lako. Halafu kimbia kwa wa kuchapa. Kabati la kamera ufunguo unajua ulipo."

Akaandika. Nami nilikuwa najifuta macho, nikamsikia tajiri anaguna.

"Na hiki kivuli hapa pembeni ni uchafu gani?"

Nikainama kutazama. Kilikuwa kivuli cha mikono miwili iliyoinua shuka. "Si uchafu, baba. Ni mimi huyo."

"Mwambie wa kuchapa akikate."

"Hakikatwi, mzee," mjukuu wangu akasema, akachukua picha yake na kutoka mbio.