Jicho la Mfinyanzi

Siku mwashi alipoapa, mfinyanzi alisimama karibu naye kiasi cha kunusa chokaa kwenye shati lake. Wiki moja nyuma dada mkubwa wa mfinyanzi alikuwa ameangukiwa na ukuta wa ghala alioujenga mwashi huyo, akafa papo hapo. Mji mzima ulijua ukuta ule ulikuwa mchanga mtupu. Mwashi aliapa kwa mzimu wa ukoo wake kwamba chokaa aliitia yote, wazee wakaridhika, kesi ikaisha.

Ndivyo mji ulivyokwenda. Koo ishirini zilihamia pale, kila ukoo na mzimu wake, na mzimu wenyewe, hata mtoto alijua, haukuona zaidi ya kizingiti cha nyumba yake. Mtu akiapia barazani kwa wazee, uongo wake hauna shahidi. Mwashi alirudi kwake akipiga mluzi, na mluzi ule ndio uliomkaa mfinyanzi rohoni.

"Piga tu," alisema moyoni. "Nitakutafutia anayeona."

Kesho yake alifinyanga kigae chenye jicho moja kubwa lisilo na kope, akakichoma, akakitundika juu ya vyungu vyake sokoni. Muuza chumvi wa jirani, mtu wa maneno mengi, akauliza ni la ukoo gani.

"Halina ukoo. Linaona popote, mpaka ndani ya karai la mwashi. Ukiliapia uongo, tumbo linavimba mpaka linapasuka."

"Wewe! Kweli?"

"Jaribu uone."

Hakujaribu. Aliomba la kwake. Wateja wa koo nyingine, waliozoea kuonja chumvi yake kwa mashaka, wakaanza kubeba magunia bila kuonja, maana nani angethubutu kuchanganya mchanga mbele ya Jicho? Mwezi haukuisha, kila kibanda kikataka lake. Watu waliokuwa paka na panya wakaachiana mizigo. Wageni wakamiminika, maghala yakaongezeka, mji ukapata lango. Muuza chumvi akavaa joho jeupe akawa kuhani. Mdomo ule hatimaye ulimpatia kazi.

Mfinyanzi hakujali neema ya mtu. Alifinyanga macho miaka saba akimngoja mtu mmoja, na chuki yake aliitunza vizuri kuliko tanuri lake.

Siku ikafika. Jicho lilitakiwa kujengewa nyumba kubwa, na mwashi bingwa alikuwa yuleyule. Kabla ya kuchimba msingi ilimbidi aape mbele ya umati kwamba hajawahi kupunguza chokaa. Akaweka kiganja juu ya kigae. Mkono wa pili ukashika tumbo.

"Niliiba," akasema. "Chokaa ya ghala nilijengea kwangu. Yule mama nilimuua mimi."

Mfinyanzi alisikia utamu mwili mzima. Alitaka apigwe, afukuzwe, afukiwe chini ya ukuta wake mwenyewe. "Mmesikia!" akapiga kelele. "Haya, mnangoja nini?"

Kuhani akainua mkono. "Aliyekiri, Jicho limemsamehe. Atajenga nyumba hii bure. Tumemaliza."

"Nani kakwambia linasamehe?"

"Limeniambia lenyewe, dada. Wewe finyanga, haya mengine tuachie wenyewe."

Mdomo ulimfunguka aseme: nimelitunga mimi, ni udongo wa bwawani, uongo mtupu! Lakini Jicho likiwa uongo, mwashi angeyafuta maneno yake palepale, na kifo cha dada yake kingerudi kuwa ajali. Akaumeza ukweli wake, mchungu kama shubiri.

Mwashi akamjia akilia, akapiga magoti. "Ahsante, mama. Miaka saba sijalala. Leo nitalala."

"Mimi sijakusamehe."

"Jicho limenisamehe, mama," alijibu kwa upole, akainuka kwenda kupima msingi.

Mfinyanzi akawakimbilia wazee wa koo, waliokuwa wameketi nyuma kabisa ya umati, hawana kazi tena. Akawaambia anataka haki ya dada yake. Mkubwa wao alimtazama kwa huruma, kisha akamwelekeza kwa kidole: siku hizi malalamiko yote yanapelekwa kwa Jicho.