Salamu kwa Mteja Mpendwa

Barua pepe ilimkuta mshonaji ameinamia cherehani, sindano ikiwa katikati ya mshono. Nembo ya kampuni inayomtunzia barua na kumbukumbu zake ilikuwa juu kabisa, na rangi zake zote. "Mteja mpendwa, akaunti yako itafutwa leo. Bonyeza hapa uthibitishe neno la siri."

Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mumewe, jumbe alizokuwa akimrekodia akiwa kazini, na hazikuwepo kwingine kokote. Picha ya mtu unaweza kuomba kwa ndugu. Sauti utamwomba nani?

"Unangoja nini, wifi?" Dada wa marehemu alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma kwenye simu. "Bonyeza. Ukipoteza sauti ya kaka yangu, mimi na wewe hatuzikani."

Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka. Akaandika herufi tatu za neno la siri, kisha akasita.

"Wameniita mteja mpendwa," alisema.

"Ulitaka wakuite malkia?"

"Akaunti aliifungua yeye, kwa jina lake. Kampuni ikiandika humsalimu yeye, kana kwamba yuko hai."

Salamu hizo alizichukia. Zilimtonesha kidonda kila zilipoingia, na hakuwahi kumwambia mtu. Akarudi kwenye barua, akatazama anwani ya mtumaji: mkorogo wa herufi na tarakimu, kampuni yenyewe haimo hata kwa dawa.

"Na kama unakosea?" Wifi sasa aliuliza taratibu.

Hakika hakuwa nayo. Hata hivyo aliufunga ukurasa ule, akaingia kwenye akaunti kwa njia yake ya siku zote. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Wifi alimshika bega mpaka likauma.

Ikafunguka. Hapakuwa na onyo lolote la kufutwa. Akagusa ujumbe wa kwanza aliouona.

"Mke wangu, nimechelewa kidogo," ilisema sauti ya kiume, yenye haraka. "Nibakizieni chakula. Na dada akija, msimwambie nimenunua viatu vingine, atanisema mpaka kesho."

Wifi, ambaye tangu mazishi hakuna aliyeliona chozi lake, alikaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa.

"Rudia," alisema. "Rudia pale aliponitaja."