Saa Mbili ya Kitabuni

Kitabu cha ngazini, kinamoandikwa wanaotoka melini na wanaorudi, hakifutwi. Kila mlinzi wa kampuni ile ya ulinzi alifundishwa hivyo kabla hajapewa koti: kilichoandikwa kimeandikwa, na anayekata mstari hupoteza kazi siku hiyo hiyo.

Yeremia, mtu wa Rungwe mwenye umri wa miaka hamsini na minne, hakuwahi kukata mstari. Kwa miezi saba alikuwa amelinda ngazi ya meli ya kubebea samaki katika bandari ya Durban. Mahakama iliizuia kwa sababu tajiri wake, aliyekuwa Urusi, hakuwalipa waliomdai. Mabaharia tisa walibaki ndani bila mshahara wala nauli. Uhamiaji uliwapa kadi za kushukia: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, basi.

Ijumaa moja ya Novemba 1998 alikuwa akifagia chini ya ngazi alipokuja Anatole, Mkongo aliyelinda meli ya jirani.

"Papa Yeremia, chef Nasibu iko anakuita kwa biro. Iko na kitabu chako mkononi. Eish, leo hacheki."

"Nimekosa nini?"

"Mimi niko mlinzi, Papa, siko nabii."

Juu ya ngazi alisimama Gennadi, fundi wa redio wa meli, akivuta sigara nusu. Kwao ni Petropavlovsk, mji wa bandari wa mashariki ya mbali ya Urusi uliozungukwa na volkeno, usiofikiwa na barabara yoyote kutoka mikoa mingine. Mtu huingia kwa meli au kwa ndege. Simu ya nyumbani kwake ilikuwa imekatwa, na umeme uliwaka kwa muda wa saa mbili tu kwa siku. Kwa hiyo kila Alhamisi mkewe alitembea kwenye theluji hadi posta, akangoje Gennadi ashuke melini ampigie kutoka mjini Durban. Saa tatu asubuhi ya Durban ni saa moja jioni ya kwao, na posta yao ilifungwa saa mbili usiku. Jana yake yeye na Yeremia walizihesabu saa hizo kwa vidole hata wakacheka.

"Mkeo amesemaje?" Yeremia aliuliza. Wote wawili walitumia Kiingereza cha kuombea maji.

"Mji mzima hauna mafuta. Mlima ndio unatoa moshi. Mlima tu umepata mafuta msimu huu."

"Wetu umelala. Tunalima viazi mgongoni mwake."

"Alhamisi ijayo tena?"

"Tena," Yeremia alijibu, akashika njia ya ofisini.

Ofisi ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Nasibu, msimamizi wa walinzi, Mtanzania mwenzake, aliufungua ukurasa wa Alhamisi.

"Soma, mzee wangu."

Gennadi. Kutoka: 2.00. Kurudi: 4.00. Mwandiko ulinyooka, kama alivyofunzwa na wamisheni. Siku zote Yeremia huongeza sita kabla ya kuandika, ili saa ya Kiswahili iwe saa ya kitabu. Jana hakuongeza.

"Ni saa mbili asubuhi, Bwana Nasibu. Saa mbili yetu."

"Mimi najua! Mtu wa Tanga asijue saa mbili? Kitabu ndicho hakijui. Uhamiaji wakisoma, Mrusi katoka saa nane usiku, karudi saa kumi. Saa za wezi hizo."

"Basi niandike maelezo."

"Maelezo hayana mahali." Nasibu alimsukumia fomu. Ilikuwa na visanduku viwili: baharia alivunja masharti ya kadi, au mlinzi aliandika uongo.

Yeremia aliisoma mara mbili. "Pa kukosea hapana?"

"Hapana. Tia hapo juu, yaishe. Kadi yake inachukuliwa mwezi mmoja tu. Ukitia hapo chini, ni wiki mbili nje bila mshahara, na neno hilo linakaa kwenye faili lako. Kodi ya chumba chako cha Overport si imepanda juzi? Mkeo, Mama Ernestina, utamwambia nini?"

"Na mke wa huyu Mrusi, nani atamwambia asitembee kwenye theluji?"

"Hilo si la kampuni, mzee."

Nje winchi ililia, ikanyamaza. Yeremia aliichukua kalamu. Alitia alama katika kisanduku cha chini, akaandika jina lake lote, polepole, herufi zikisimama sawasawa.

"Miaka saba nakuandikia vitabu vya meli hizi zote," alisema. "Uongo wa kwanza ni huu hapa."

 Nasibu aligonga muhuri mara moja, wino ukafifia, akagonga tena. Yeremia alivua koti, akalikunja, akaweka tochi na filimbi juu yake. Adhabu ilihesabiwa tangu mchana ule.