Kompyuta ya Prefe Polycarpe

Kompyuta ya shule ilipokataa mfumo mpya mara ya tatu, niliipiga kofi. Najua kofi halitengenezi kompyuta. Hiyo ndiyo kazi yangu, kujua. Lakini wiki ile nilikuwa nimeshapiga sufuria, mlango na redio, kwa hiyo zamu yake ilikuwa imefika.

Naitwa Fidélie. Nilikuwa natengeneza kompyuta na simu katika kibanda mbele ya nyumba yetu, upande wa Mutoshi. Watu walichimba kobalti chini ya mtaa wetu, chini kabisa ya vyumba tunamolala, mpaka ardhi ikatitia na nyumba mbili zikaingia shimoni na vyombo vyake. Baada ya hapo wakaja watu wenye makopo ya rangi, wakachora msalaba mwekundu kwenye kila ukuta. Mtaa mzima uhame, malori yanakuja Jumamosi. Mume wangu Barnabé alikuwa ametangulia Lubudi kwa ndugu zake kulima mahindi, na kila jioni alinipigia simu kunisifia udongo. Mimi sikutaka udongo. Lubudi nitatengeneza kompyuta ya nani, ya mahindi?

Ndipo Prefe Polycarpe, mkuu wa shule anayosoma binti yangu Abigaëlle kule Dilala, aliponiita ofisini. Inspekta wa elimu alitaka kuandikisha watoto wa mtihani wa mwisho kwa njia ya mtandao, na programu yake haikukubali mfumo wa zamani. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na mfumo wake ulikuwa mzee.

“Mama Fidélie, fanya hii ordinateur ikubali,” aliniambia. “Inspecteur anakuya Samedi midi, saa sita kamili. Kama iko tayari, kile chumba cha pa portail ni chako. Utafanya kazi yako mule, utalala mule na mutoto. Kama haiko tayari, nitamupa Stany, anakiomba juu ya kuuza ma-unités ya simu.”

Chumba kile cha getini kilikuwa na umeme, dirisha na paa lisilovuja. Abigaëlle alikizunguka mara mbili, akachagua kona ya kitanda chake. Angebaki na shule yake, mimi ningebaki na wateja wangu. Nilikitaka chumba kile hadi nikakiota.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unaiamuru kompyuta ivute mfumo mpya kutoka kwenye mtandao, halafu unangoja. Kwa mtandao wetu, kungoja ni nusu siku. Kila asubuhi nilikagua kila kitu, waya, nafasi, saa na tarehe, nikaianzisha, nikarudi mtaani kufunga mizigo. Kila niliporudi nilikuta imekwama katikati, na kwenye kioo namba ya kosa ndefu kama namba ya injini ya gari.

Mara ya kwanza nililaumu umeme, nikaleta betri ya kibandani kwangu. Mara ya pili nililaumu nafasi: nilikuta harusi nzima ya dada yake prefe imehifadhiwa mle, pamoja na hotuba zote, nikaihamisha. Mara ya tatu nilibadilisha waya na kuzima kinga ya virusi. Haikusaidia kitu. Kila niliposhindwa nilimwangalia Mama Tshibola, katibu wa shule, mwanamke mtulivu mwenye shuka begani hata wakati wa joto.

“Mama, hukugusa?”

“Sikugusa kazi yako hata kidogo,” alijibu, na hakuwa mwongo.

Jumamosi, siku ya inspekta na ya malori, niliamua kutoondoka. Mizigo ilikuwa imefungwa, Abigaëlle alikuwa akiilinda, na mimi nikakaa mbele ya kile kioo tangu alfajiri kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Asilimia ishirini. Hamsini. Ilipofika sabini nilianza kumpenda kila mtu duniani, hata Stany.

Mama Tshibola akaingia na mwanamke mmoja, Bilkisi, jirani yetu wa mtaani, mke wa Mansour mwenye lori.

“Mama Fidélie, sogea kidogo tu.”

Nikasogea. Akashika kipanya cha kompyuta, akabonyeza saa pale pembeni, akaanza kurudisha mwaka nyuma. Nilimdaka mkono kabla hajathibitisha.

“Mama Tshibola! Unafanya nini?”

“Narudisha mwaka,” alisema, akinishangaa. “Programme ya mabulletins, ile ya maksi za batoto, ni ya kujaribu tu, siku zake zilishaisha zamani. Ukirudisha mwaka, inafunguka. Nikisha ku-imprimer karatasi, naweka tarehe muzuri tena. Mi si mutu wa kuacha bitu ovyo.”

“Unafanya hivyo tangu lini?”

“Tangu technicien wa kwanza alitufundisha. Shi wote hapa tunajua. Zamani ilikuwa mara moja kwa trimestre. Hii wiki ni kila saa, juu bazazi banahama na mashule ya kule banaomba bulletin ya mutoto mbele ya kumupokea.”

Nilikaa chini. Kumbe ndiyo hiyo. Kompyuta ikijikuta imerudi miaka ya nyuma, inaviona vibali vya mtandao kuwa ni vya siku ambazo hazijafika. Inadhani inadanganywa, inakata kila kitu. Kila mzazi wa mtaa wetu aliyekuja kuchukua bulletini ya mwanawe alikuwa ananivunjia kazi, na aliondoka akisema asante.

Nilicheka kwa sauti. Nilifurahi mno, sina haja ya kuficha.

“Basi hakuna bulletini mpaka saa sita mchana,” nikasema. “Itamalizika.”

“Mama Fidélie,” Bilkisi akasema polepole, “lori ya Mansour iko pa njia. Batoto beko juu na bitanda. Hawezi kungoja midi, banatufukuza kule.”

Nikatazama dirishani. Nje walikuwa wamesimama wengine wengi, watu wenye msalaba mwekundu ukutani kama mimi, wengine bado juu ya pikipiki, injini zinanguruma. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo fundi anapaswa kulikumbuka mapema. Programu ile ya zamani, ya kujaribu, haitafunguka kabisa ndani ya mfumo mpya. Urudishe mwaka, usirudishe, ni sawa. Maksi za watoto wote zilikuwa zimefungiwa ndani yake. Ambaye bulletini yake haikutoka kabla ya saa sita, haikutoka.

Nilimkimbilia prefe uwanjani, nikamweleza, nikamwomba aahirishe mpaka Jumatatu.

“Inspecteur anapita leo tu, kisha anaenda Lubumbashi,” alisema. Alifuta jasho. Nadhani naye ilimuuma. “Bazazi batarudi Lundi.”

“Batarudi na nini, Tata Préfet? Na miguu, kutoka Lubudi? Na programme haitafunguka tena.”

“Siwezi kukuchagulia, mama. Mi nilisema midi.”

Nikarudi ofisini. Asilimia themanini na tatu. Mistari ya bluu ilikuwa inapanda vizuri, bila kukwama, kama haijawahi kunisumbua hata siku moja. Niliichukia kwa uzuri huo. Nilifikiria kona ya kitanda cha Abigaëlle. Nilifikiria kuwafungia mlango wale wote na kukaa kimya mpaka saa sita. Nilifikiria vizuri sana, maana mtoto aliyekuwa na haki juu yangu alikuwa wangu. Bilkisi alikuwa amesimama, ameshika kitambulisho cha mwanawe kwa mikono miwili.

Nikabonyeza kusimamisha. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikaitukana, nikasema ndiyo.

“Rudisha mwaka wako, Mama Tshibola. Mwite wa kwanza.”

Yeye aliita majina, mimi nililisha karatasi kwenye mashine ya kuchapa na kuichomoa ilipokwama. Bilkisi alinishika bega akakimbia. Inspekta alifika, akaangalia kioo, akamwambia prefe maneno mafupi, akaondoka na gari lake. Baadaye kidogo nilimsikia Stany pale getini akipima ukuta wa chumba na kuuliza wapi pa kupigilia misumari. Sikutoka kumwangalia.

Foleni ikaisha. Huko barabarani dereva wa lori letu, lenye mizigo na Abigaëlle juu, alipiga honi, mara moja, kisha akaiacha ilie.

“Kunabakia mutu?” Mama Tshibola akauliza.

“Mmoja.”

Aliweka vidole kwenye vibonyezo. Alikuwa amemjua Abigaëlle tangu mwaka wake wa kwanza pale, lakini aliniuliza jina kama alivyowauliza wote, bila kuinua macho, na namshukuru kwa hilo. Nikamtajia jina. Kisha akauliza mtoto anaenda shule ya wapi.

“Andika Lubudi,” nikasema.