Tangi Lisilo na Samaki

Kila mgeni aliyesimama mbele ya tangi langu aliniuliza swali lile lile: "Dada, samaki wako wapi?" Wapo, namjibu, chini ya mawe. Anainama, anakodoa macho, kisha anakwenda zake kutazama kasa chumba cha pili. Nami nabaki nimenuna.

Kambare wangu ni wadogo, mkubwa wao hazidi kidole cha shahada. Asili yao ni vijito vya milimani, kwenye mawe na maji ya mbio. Nimewalea humu makumbushoni tangu wakiwa vijisamaki vya kuonea huruma, na maji yao niliyaacha yatulie ili wapumzike. Wakapumzika kweli kweli, hata pua hawakutoa.

Jumatatu mkurugenzi akaniita ofisini. Ni mama mpole, ila akishasema amesema.

"Mdogo wangu, watu wanakata tiketi kuja kutazama mawe. Ijumaa naleta samaki wekundu. Hao wako wapeleke kwenye bwawa la ufugaji."

Bwawa la ufugaji! Maji ya vuguvugu na tope tupu. Wiki wasingemaliza. Nilitoka mle nimefura, machozi yananilengalenga, nikampigia simu shemeji yangu, fundi bomba. Nilimwomba kitu kidogo tu: pampu ya kuchuja maji, kioo king'ae, labda mama angeniongezea muda.

Shemeji ni mtu wa watu, lakini akishika spana ni heri usogee pembeni. Ijumaa asubuhi alikuja na pampu ya kupandisha maji ghorofani.

"Ndogo hazikuwepo dukani, shemeji. Nguvu ikizidi tutapunguza."

Akaiwasha mkurugenzi akiingia mlangoni na ndoo ya samaki wekundu. Maji yalifyatuka, yakapiga kioo cha mbele, yakaangusha mawe na kumwagikia viatu vya mama wa watu.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Koki imekwama!"

Nilifumba macho. Nilijua kazi imekwisha, ya kambare na yangu. Nilipoyafumbua, kambare walikuwa wametoka. Hawakukimbia. Waliyaelekea maji, wakapanda hadi pale yanapopiga kwa nguvu zaidi, wakajibandika kwenye kioo, matumbo kwetu, mapezi wameyatandaza, sharubu zikichezacheza. Wote! Sikuwahi kuwaona wote kwa pamoja. Nikacheka huku nalia, sikujali nani ananiona.

Wageni wa kasa wakaja mbio. Wengine walipanda benchi. Mkurugenzi alichuchumaa na viatu vyake vilivyolowa, uso karibu ugonge kioo.

"Huyu mnene ana nini tumboni?"

Nikasogea. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyembamba, na ndani yake punje za manjano zilipangana, zikionekana vizuri kabisa.

"Mayai," nikasema. "Mama, ana mayai."

Mkurugenzi aliisukuma ile ndoo ya samaki wekundu nyuma yake kwa mguu, polepole, kama mtu anayeficha jambo.

Nyuma ya tangi, shemeji alikuwa bado anahangaika na spana, jasho linamtiririka. Mara akaruka kwa furaha.

"Koki imelegea! Nizime?"

"Wewe fundi," mkurugenzi akasema bila kugeuka, "gusa hiyo koki utanitambua."