Feni ya Enoka

Siku ya kumzika Enoka, Tamimu alibeba feni. Yeye Mnyamwezi, marehemu Msukuma, na mtani ana haki yake msibani. Alivaa kofia ya marehemu, akalia kilio cha uongo, kisha akaondoka na feni kubwa ya kusimama kutoka studio ya marehemu pale Shanwe. Alisubiri wafiwa waje na jogoo kuikomboa. Hawakuja. Feni ikahamia kwenye duka lake la vitenge, na kwa joto la Mpanda, akaizoea kama mke wa pili.

Siku ya kuanua matanga, Nyanzala, mjane wa Enoka, alimwita studio. Enoka alijirekodi video akiwa mgonjwa, akaagiza asiione mtu mpaka watu wakusanyike. Ilibaki kompyuta iunganishe vipande viwe video moja, lakini kila ikifika katikati inazima.

"Shemeji, mashine hii mlikuwa mnaichezea nyie wawili," alisema Nyanzala. "Nataka niisikie sauti yake leo, watu wakiwepo. Wakishatawanyika nitaiangalia na nani?"

Tamimu alichungulia ndani ya kompyuta, iliyoachwa wazi ubavuni, akajua papo hapo. Enoka aliisukuma prosesa ikimbie kuliko kiwanda kilivyoipangia, akaiongezea umeme, na kumbukumbu ya mashine nayo akaiharakisha. Alijisifu kwamba inakimbia kuliko ng'ombe wa Usevya walioona maji. Joto la mbio hizo lilikuwa likipozwa na feni. Na feni iko dukani, inapepea vitenge.

"Msukuma alikuwa mroho wa spidi," alisema kwa sauti ya mganga. "Ngoja niipunguze."

Aliingia kwenye mipangilio, akashusha spidi ya prosesa kidogo. Kioo kikageuka bluu, mashine ikazima.

"Yuko kaburini na bado anabisha," alinung'unika.

Akashusha tena, akapunguza na umeme. Safari hii ilifika mbali kidogo, ikaganda. Akaigeukia kumbukumbu, akaipunguzia mbio. Hapo mashine ikatulia, ila ikawa inajikokota. Nje pilau ilishakwisha, na akina mama wa Kakese walianza kutafuta ndala zao. Nyanzala alisimama mlangoni akiwasihi, "Bado kidogo tu, jamani." Tamimu alilowa jasho mpaka mgongoni.

Hatimaye video ikatoka. Runinga ikawekwa uani. Enoka akatokea, amekonda, na kofia ileile kichwani.

"Nyie mliokuja, poleni kwa kusubiri," alisema. "Najua mmecheleweshwa. Mtani wangu Tamimu ameshabeba feni yangu, maana aliikodolea macho tangu nilipoinunua. Na badala ya kuirudisha, ameipunguza spidi mashine yangu. Mwangalieni anavyotokwa jasho."

Uani wote ukamgeukia Tamimu. Nyanzala alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, akajifuta macho kwa kanga, akacheka tena.

"Rudisha mwanzo," alisema. "Nimsikie tena."

"Huyu Msukuma kufa amekufa, ila kunyamaza hataki," alisema Tamimu, akitafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Dukani."

"Jogoo je?"

"Mleni wenyewe."

Alirudi na feni begani, akaielekeza ubavuni mwa kompyuta. Nyanzala akamwambia airudishe spidi ya Enoka, yote. Tamimu akairudisha. Haikuzima.