Machipukizi Manene

Tangu asubuhi Galsan alikuwa akizunguka shamba lake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwaka wa tano huu, na vichaka vyake thelathini vya chatsargana, yale matunda madogo makali, havijatoa hata tunda moja, miiba tu. Ng'ambo ya ua, vya jirani yake, mjane Tserenkhand, vilijaa matunda ya rangi ya chungwa mpaka matawi yameinama.

Na miche waliinunua siku moja, kwenye lori moja! Galsan alijipenyeza mbele akajichagulia yote yenye machipukizi manene. Yule mjane akabeba iliyobaki, myembamba kama njiti.

Hakuvumilia tena. Akachukua shoka.

"We mzee, una wazimu?" Tserenkhand alikuja mbio mpaka kwenye ua, ndoo ya matunda mkononi. "Unakata nini?"

"Kuni! Hivi vina faida gani nyingine?"

"Hivyo ni madume, Galsan. Chipukizi nene ni la dume. Vyangu vyote majike. Upepo ukileta vumbi la maua yako huku, mimi navuna."

Shoka likabaki hewani. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile pale kwenye lori."

"Ukanyamaza miaka mitano?"

"Ulinipiga kiwiko cha mbavu upite mbele. Nikasema, basi, mwache achague." Akampitishia ndoo juu ya ua. "Haya, kula. Na hilo shoka lete, nitakutunzia."

Galsan akatia tunda moja mdomoni, ukali ukamkunja uso mzima, akampa shoka.